Herufi za Kukanyaga

Siku yangu ya kwanza katika darasa la awali, kuku walikula somo.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri mno. Baada ya swala ya alfajiri nilikwenda kwa jirani kuomba debe la pumba za uwele, nikalibeba begani hadi shuleni, na kwenye uwanja mbele ya darasa nikazimwaga pumba zile kwa mistari mpaka nikapata herufi tano: a, e, i, o, u. Kila moja ilikuwa ndefu kama kitanda. Nikasimama pembeni nikazitazama, nikaridhika, nikaingia ofisini kusaini kitabu cha mahudhurio. Nilipotoka na watoto thelathini na wanane nyuma yangu, kuku wa mlinzi walikuwa wameimaliza a na wamefika katikati ya e.

Mtoto mmoja akapiga makofi. Wenzake wakadakia. Walidhani hilo ndilo somo lenyewe.

"Mwalimu," akauliza mmoja, "kesho utaleta na mbuzi?"

Nawaandikia ninyi, walimu vijana mnaofundisha watoto wadogo, kwa sababu mmenisumbua, na nawashukuru kwa kunisumbua. Siku hizi nimestaafu, ninakaa hapa Majengo, mjini Dodoma, na kila nikitoka msikitini alasiri hakosi mmoja wenu wa kunisimamisha kati ya magunia ya mtama na bajaji. "Mzee Ramadhani, shikamoo. Watoto wangu hawatulii, nifanyeje?" Nami nikianza kujibu, bajaji inapiga honi, mwenye gunia anasema "samahani mzee", na jibu linaishia njiani. Basi nimeona niliandike nikiwa nimekaa.

Jibu fupi ni kwamba usiwatulize. Jibu refu litachukua kurasa chache, mnivumilie.

Sikuiomba kazi hii. Mimi ni mtu wa Kondoa, na kwa miaka mingi nilifundisha hesabu darasa la sita na la saba katika shule moja ya kijiji nje kidogo ya Chamwino. Mwalimu wetu mkuu alikuwa Mwalimu Sechelela, mama wa Kigogo, mshika dini mwenzangu ingawa kwake ni kanisani, mwenye sauti ya kwaya hata anapokuuliza umekula nini. Siku moja mwalimu wa awali alihama, na Mwalimu Sechelela akaniita ofisini.

"Ustadhi," akasema (shuleni wote waliniita hivyo), "nakupa darasa la awali."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu. Una subira. Hawa wengine wana vyeti tu."

Walimu wenzangu walicheka wiki nzima. Mmoja alinunua pipi ya kijiti akaniwekea mezani. Mwingine alisema Ustadhi sasa itabidi ajifunze kubeba mtoto mgongoni. Nikarudi nyumbani nimenuna, na mke wangu, Mungu amrehemu, hakunionea huruma hata kidogo. "Miaka yote hiyo unalalamika kwamba wanakufikia wakiwa wameshaharibika," akasema. "Leo umepewa kabla hawajaharibika, bado unanuna?"

Nikaacha kununa. Kesho yake ndiyo ile siku ya kuku.

Sasa niwaambie kwa nini nilianza na herufi za chini, nisianze na ubao. Nilisoma chuoni, yaani madrasa, nikiwa mdogo, kabla ya shule. Tulikaa mkekani, ubao wa mbao magotini, na tuliposoma tuliyumba, mbele na nyuma, sote kwa pamoja. Maalimu hakutuamuru tuyumbe. Mwili wenyewe ulianza, na sauti ikafuata. Hadi leo, nikiwa na mvi zangu, nikipotelewa na aya nikiyumba kidogo inarudi. Kwa hiyo nilipowaona wale watoto wa miaka mitano wamebanana kwenye madawati, miguu haigusi sakafu, wanachezesha kila kiungo isipokuwa macho, nilijua shida haiko kwao. Wamepewa mwili na Mola wao, na sisi tunawaambia wauache mlangoni.

Tena wengi wao Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa mara ya kwanza. Nyumbani ni Kigogo. Ukisema "angalia ubaoni" unapoteza maneno mawili. Lakini ukiruka, wanaruka. Ukisimama kwa mguu mmoja, wanasimama na kukucheka ukiyumba, na kicheko hakihitaji kufasiriwa.

Baada ya kuku nilihamia kwenye majivu. Majivu ni mazuri, meupe, na hayana mlaji. Ila sote tunaujua upepo wa Dodoma. Nilichora herufi kumi asubuhi moja, na saa nne zote zilikuwa kwenye nywele za watoto. Akina mama walikuja kuuliza kama shuleni tunawapika. Mwishowe nilipata ufumbuzi wa aina mbili, na mnaweza kuutumia hata kesho. Wa kwanza ni kamba ya katani iliyozeeka, ndefu hatua ishirini hivi: unailaza chini kwa umbo la herufi, upepo hauiwezi, na mtoto akiipita peku anaihisi kwa unyayo. Wa pili ni mchanga wa korongoni, ule mzito unaobaki maji yakikauka. Ulowanishe kidogo, uupige kwa kiganja, kisha mtoto achore herufi kwa kisigino. Kwanza kisigino, kisha kidole gumba cha mguu, kisha kiganja, na mwisho kidole cha mkono. Msiruke hatua. Wengi mnakimbilia kalamu, mnasahau kwamba mkono wa mtoto unaanzia begani. Bega likiwa legelege, vidole vitahangaika tu.

Kwa bega nilitumia soksi kuukuu zilizojazwa pumba na kushonwa mdomo. Mnapanga herufi za kamba, unaita sauti, mtoto anarusha soksi iangukie herufi hiyo. Soksi haiumizi mtu na haiviringiki ikapotea. Walimu waliniletea soksi zao zilizotoboka, na nakiri si zote zilikuwa zimefuliwa.

Ngoma alinipa Mwalimu Sechelela mwenyewe. Alikuja siku moja na ngoma yake ya zamani, ile inayopigwa na akina mama wa Kigogo, akaiweka katikati ya magoti akaanza. Watoto waliokuwa wamelala usingizi wa uji waliamka kama waliomwagiwa maji. "Hawa wanaruka kabla hawajatembea sawasawa, Ustadhi," akaniambia huku anapiga. "Wewe unawafundisha kuruka? Wafundishe kusimama!" Alikuwa na maana hii: ngoma ikilia, wanaruka mabega yakitikisika, ngoma ikinyamaza ghafla, kila mtoto awe juu ya herufi fulani, kimya, asitikisike. Ule usimamaji wa ghafla ndio uliowapa mizani. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona dawa ya fujo iliyo bora kuliko fujo yenye kituo.

Lakini lazima niwaeleze na makosa, na makosa yangu makubwa hayakuhusu kuku.

Mimi nimelelewa kuanza kila jema kwa upande wa kulia. Kuvaa kiatu, kulia. Kuingia msikitini, mguu wa kulia. Kupokea, kutoa, kula, kulia. Ni adabu niliyoipenda tangu utotoni, na naishukuru hadi leo. Basi nikaipeleka uwanjani bila kuifikiria. Kila asubuhi niliwapanga watoto na kuimba nao, "Tunaanza wapi?" nao wanajibu kwa nguvu zote, "Kuliaaa!" Mguu wa kulia mbele, na herufi ya kwanza upande wa kulia. Wakaruka a, e, i, o, u kutoka kulia kwenda kushoto, vizuri kabisa, kwa muda wa miezi miwili.

Asubuhi moja Mwalimu Sechelela alisimama mlangoni mwa ofisi na kikombe chake cha chai, akatutazama. Akatazama sana. Kisha akaita:

"Ustadhi! Mbona watoto wangu wanasoma kuelekea Makka?"

"Vipi, mama?"

"Wote wanaanzia kule! Umewageuzia herufi za wazungu ziwe za Waarabu!"

Nilikwenda darasani kufungua madaftari. Kweli. Wale waliokwisha kuanza kuandika, karibu wote, walianzia ukingo wa kulia wa karatasi na kurudi nyuma. Nami nilikuwa nimeona hilo kwa wiki nyingi na kujiambia ni utoto tu, litawatoka. Kumbe mimi ndiye niliyeliweka, na nililiweka imara, maana kinachoingia kwa miguu hakitoki kirahisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu Sechelela alicheka mpaka chai ikamwagika.

Tulirekebisha kwa jiwe. Nililichukua jiwe kubwa, nikalipaka chokaa, nikaliweka upande wa kushoto wa uwanja, na darasani nikachora doa jeupe upande wa kushoto wa ubao, na kila daftari nikalitia doa la wino kushoto. Wimbo ukawa, "Tunaanza wapi?" "Kwenye jiweee!" Baada ya wiki tatu walikuwa wamegeuka, alhamdulillahi. Nikadhani nimejifunza. Nilikuwa nimejifunza nusu tu.

Darasani alikuwepo mtoto aitwaye Nyemo, msichana wa miaka sita, mwembamba, mwenye macho yanayokutazama kama anakukagua. Aliishi na bibi yake, Bibi Dorika, kwani mama yake alikuwa anafanya kazi mjini. Nyemo hakuweza chochote. Ndivyo nilivyoona. Akiruka kwa mguu mmoja anaanguka. Akirusha soksi inaanguka nyuma yake. Akipewa chaki anaishika kama anashika kinyonga. Wenzake walipokuwa wanatambua herufi kumi na tano, yeye hakuwa na hata moja. Nikaandika katika daftari langu la maendeleo: *Nyemo. Hana mizani. Mkono dhaifu. Mzito kuelewa.*

Ongezeni na hili, maana sitaki kulificha. Nyemo kila mara alichukua chaki kwa mkono wa kushoto. Nami kila mara, kwa upole, niliitoa nikaiweka kulia. "Mkono mzuri, mwanangu." Sikumchapa, sikumkaripia. Niliihamisha tu, mara kumi kwa siku. Na mguu aliotaka kurukia ulikuwa wa kushoto, nao niliuhamisha. Jiwe nililihamishia kushoto kwa sababu maandishi yalitaka hivyo, lakini mguu na mkono wa mtoto nilibaki nao kulia kana kwamba ni nguzo ya dini.

Muhula wa pili ulipokaribia, Mwalimu Sechelela aliniambia ukweli. "Huyu mtoto mwisho wa mwaka nitampima mwenyewe. Kama hali ni hii hatapanda darasa la kwanza. Nikimpandisha hivi, wenzake watamcheka mpaka aichukie shule."

Nilimpelekea Bibi Dorika taarifa. Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Akibaki darasa hilohilo, mwalimu, sitamrudisha. Mjomba wake yuko Mtera, anauza samaki, mke wake ana mtoto mchanga na hana msaada. Nyemo atakwenda kulea. Kwani kulea hakuhitaji kalamu."

Miaka sita, wanangu. Nikarudi nyumbani, na swala ile ya isha niliirefusha.

Wiki iliyofuata, Jumamosi, nilikwenda tena kumbembeleza bibi. Nyumbani hapakuwa na mtu. Jirani akanielekeza shambani. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa, na mnajua maana yake: ndege. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, lile jukwaa la miti la kulindia ndege, na juu ya dungu alikuwa amesimama Nyemo.

Alikuwa na kombeo. Alikuwa amesimama ukingoni kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma kama korongo, akalizungusha kombeo mara mbili juu ya kichwa na kuliachia. Bonge la udongo likaruka umbali ambao mimi nisingeufikisha, likapasuka katikati ya kundi la ndege. Akainama, akachukua bonge jingine, akahama kwa kurukaruka kwenye miti ile myembamba ya jukwaa bila kutazama anakokanyaga. Akarusha tena. Hakukosa.

Mguu aliosimamia ulikuwa wa kushoto. Mkono uliorusha ulikuwa wa kushoto.

Bibi Dorika alinikuta nimesimama tu kwenye njia ya shamba. "Mbukwenyi," akanisalimia. Nikaitikia nusunusu.

"Bibi, huyu mtoto anaanguka akiwa shuleni."

"Shuleni anaanguka?" Bibi akashangaa. "Huyu? Huyu hapandi mti akaanguka. Labda uwanja wenu una mashimo."

Uwanja haukuwa na mashimo. Shimo lilikuwa mwalimu, na lilikuwa limeandika kwenye daftari kwamba mtoto yule hana mizani.

"Na mkono huo wa kushoto?" nikauliza.

"Ah, huo. Ninaufunga na kitambaa wakati wa kula ajizoeze. Si ndivyo na wewe unavyofanya? Aliniambia. Nikafurahi, nikasema mwalimu ana adabu."

Maneno yale ya sifa yaliniuma kuliko tusi. Lakini msidhani niligeuka palepale. Mtu haachi kwa siku moja jambo alilolipenda miaka hamsini. Nilipanda gari nikaja mjini kumtafuta sheikh wangu hapa Majengo, mzee kuliko mimi, aliyekuwa amekaa nje ya duka la mwanawe akipepeta karanga. Nikamweleza yote, kuanzia kuku.

Alicheka habari ya kuku. Kisha akauliza, "Kula anakula kwa mkono gani?"

"Bibi yake anamfundisha wa kulia."

"Bibi yake ana haki, adabu ya kula tunaijua, na afundishwe bila kufungwa kama mbuzi. Lakini kalamu, Ramadhani? Kombeo? Kuruka? Nani alikuambia?"

"Nilidhani ni kheri kuanza kulia katika kila kitu."

"Kwako wewe ni kheri. Wewe ni wa kulia." Akapepeta kidogo, akapuliza maganda. "Aliyemuumba na mkono ule hakukuomba ushauri. Sasa wewe kila siku unamrekebishia kazi yake. Huoni haya?"

Niliona haya. Nikamsaidia kupepeta karanga hadi adhuhuri.

Jumatatu nilimwita Nyemo pembeni, nikaweka chaki chini katikati yetu. Hakuigusa. Alinitazama kwa macho yake ya ukaguzi. Nikamwambia, "Chukua kwa mkono wa ndege." Akatazama mkono wake wa kushoto, akanitazama mimi, kama anayeogopa mtego. Nikauchukua mkono wangu mwenyewe wa kushoto, nikachora nao chini N mbaya sana, imepinda kama mjusi aliyekanyagwa. Nyemo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka shuleni. Akaichukua chaki kwa kushoto, akanichorea N nyingine juu ya yangu, kama mtu anayesahihisha.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa rahisi kuanzia hapo. Mtoto aliyezuiwa anakuwa na woga mwilini, na woga hautoki kwa kuruhusiwa mara moja. Tulianza chini kabisa: kamba, mguu wa kushoto kwanza, kuanzia kwenye jiwe. Kombeo nililigeuza kuwa mchezo wa darasa zima, soksi kwenye kamba fupi, kulenga herufi, na Nyemo akawa bingwa kiasi kwamba wavulana walikataa kushindana naye. "Yeye anatumia mkono wa uongo!" akalalamika mmoja. "Tumia na wewe," Nyemo akamjibu. Akajaribu, soksi ikamgonga mwenyewe.

Na haya myaandike pembeni, walimu wa leo. Mtoto wa kushoto mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigombane. Daftari lake liinamishe, kona ya juu ielekee kulia, ili mkono usipite juu ya alichoandika na kukifuta. Akienda kuanzia kwenye jiwe, mwache auchague mguu mwenyewe. Jiwe ni sheria ya maandishi, mguu ni wake. Mambo haya madogo nilijifunza nikiwa na mvi, na yalikuwa yananisubiri miaka yote.

Ila jambo moja lilinitia wasiwasi hadi mwisho. Nyemo aliijua herufi akiwa uwanjani. Ukimkalisha kwenye kiti ukamwonyesha kadi, ananyamaza. Na Mwalimu Sechelela alikuwa mtu wa kadi.

Siku ya kupimwa ilifika, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Nilikuta pikipiki ya bodaboda imesimama getini, na Bibi Dorika anashuka na furushi. Nyemo alikuwa na gauni la nyumbani, si sare. Sare ilikuwa mkononi mwa bibi, imefuliwa na kukunjwa.

"Nimeirudisha," akaniambia. "Basi la Mtera linapita saa tano. Nimekuja kuaga vizuri, maana umemvumilia."

"Bibi, hajapimwa!"

"Jana nilimwonyesha jina kwenye karatasi ya kliniki. Alinyamaza. Mwalimu, mimi si wa kukuaibisha mbele ya mkubwa wako."

Mwalimu Sechelela alitoka ofisini aliposikia sauti yangu. "Mama, karibu. Basi ni la saa tano, sasa ni saa tatu. Mtoto aingie."

Tukaingia sote. Nyemo akakalishwa kwenye kiti kikubwa, miguu inaning'inia. Kadi ya kwanza ikainuliwa. Kimya. Ya pili. Kimya. Nikasikia bodaboda akiongea na simu huko nje. Mwalimu Sechelela akanitazama kwa huruma, na nikajua huruma ile inaelekea wapi.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "naomba asimame."

"Kusimama ni sehemu ya mtihani?"

"Kwa huyu, ndiyo."

"Haya. Simama, mwanangu."

Nyemo akateremka. Kadi ikainuliwa tena. Akaitazama, kisha akatazama sakafu, na mguu wake wa kushoto ukaanza kutembea: hatua mbele, mteremko wa pembeni, hatua mbele tena.

"Anafanya nini huyu?" akanong'ona Mwalimu Sechelela.

"Anasoma."

"N," akasema Nyemo. "Ya kwangu."

Kadi nyingine. Miguu ikazunguka duara. "O." Nyingine. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. "M." Mwalimu Sechelela alizitoa kadi zote, na alipofika ya kumi na mbili mguu wake mwenyewe chini ya meza ulikuwa unatembea. Akampa chaki. Nyemo akaikamata kwa kushoto, akaanzia upande wa jiwe, akaandika ubaoni jina lake zima, na herufi ya mwisho ikatoka kubwa kuliko zote kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Mwalimu Mkuu akautazama mkono, akanigeukia. "Kushoto, Ustadhi? Wewe?"

"Mimi, mama."

"Bwana asifiwe," akasema, na hakuwa anatania. "Anapanda darasa la kwanza."

Lakini Bibi Dorika alikuwa bado amesimama na sare mkononi, uso umefungwa. "Nimeona mtoto anacheza ofisini kwa mkubwa," akasema. "Hicho kusoma kiko wapi? Mimi sikukiona."

Alikuwa anasema kweli. Hakusoma hata siku moja maishani mwake. Sisi tuliona herufi, yeye aliona miguu. Na uamuzi ulikuwa wake, si wetu.

Nyemo ndiye aliyemshika mkono. Akamvuta nje hadi uwanjani, akaokota kijiti, na akachora N ndefu kama kitanda kwenye udongo mwekundu. "Bibi, vua ndala. Mguu hapa." Bibi akatutazama, akaona aibu, akavua. "Nenda mbele. Sasa shuka huku. Sasa mbele tena." Bibi Dorika akaikanyaga herufi yote, polepole, kanga ameikusanya kwa mkono mmoja.

"Hiki ni nini?" akauliza alipofika mwisho.

"Ni mimi, bibi. Jina langu linaanzia hapo."

Bibi akageuka, akaangalia nyayo zake zilizobaki ndani ya mistari. Akaziangalia muda mrefu. Getini bodaboda akapiga honi. "Bibi eee! Basi la Mtera litatuacha!"

"Liache liende, baba!" Bibi Dorika akamjibu bila kugeuza kichwa. Akamtupia Nyemo ile sare begani, akaikaza kanga yake kiunoni, akamnyooshea kile kijiti.

"Nichore na mimi," akasema. "Dorika anaanzia wapi?"